Muulize Bi Mwalimu: “Wameniambia mwanangu mzito, niache kumsumbua mwalimu”

*Bi Mwalimu, Assalaam aleykum.*

*Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi upande wa Micheweni. Mwanangu wa pili ana miaka 9, yuko darasa la tatu, na huu ni mwaka wake wa pili hapo hapo. Kusoma hajui. Kuandika anaandika, tena mwandiko wake unapita wa dada yake. Akinakili ubaoni humkosoi. Lakini ukifungua daftari lake la imla ni mikwaju mitupu. Mwalimu wake wa darasa ananambia mtoto mzito wa kichwa na mtundu, akiitwa hajibu, akiulizwa anageuka kumtazama mwenziwe. Hata mimi nyumbani nikimtuma dukani mara huleta sivyo, na siku nyingine husikia vizuri kabisa, hata nikasema labda kweli anajifanya.*

*Alipokuwa mdogo masikio yakimtoka usaha. Mavyaa akimtia mafuta ya nazi ya vuguvugu, yakakauka, lakini kusi ikianza hurudi.*

*Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kumuomba mtoto apimwe, ijulikane ana nini. Akanijibu kwa upole kwamba skuli haina mtaalamu, na wanaopimwa ni watoto walemavu. Wangu anatembea, anaona, anacheza mpira. Akanambia na mwakani atarudia. Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi. Mavyaa hataki nifuatilie: anasema nikimuandikisha kwa watu wa ulemavu jina halitomtoka, na dada zake watakosa wachumba. Mimi kazi yangu mwani, na skuli nimeishia darasa la sita. Naogopa kuonekana msumbufu, mtoto akaja akaonewa. Nifanye nini?*

*Mama wa mwani, Micheweni*

Waaleykum salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako, na pale penye habari ya daftari la imla nikarudi kusoma tena. Umeniandikia kwamba umeishia darasa la sita, kama kwamba unaniomba radhi, kisha hapo hapo umenieleza jambo ambalo mwalimu anaweza kukaa na mtoto muhula mzima asilione. Akinakili anapata, akisomewa anakosa. Maana yake macho yake yanaziona herufi na mkono wake unazijua. Panapovunjika ni pale neno linapotoka mdomoni mwa mwalimu kwenda sikioni mwake.

Chukua daftari lile leo usiku, ukae nalo kwenye mwangaza. Usitazame maksi. Tazama ni herufi gani zinazopotea. Kama aliambiwa “samaki” akaandika “tamaki” au “amaki”, aliambiwa “fisi” akaandika “iti”, aliambiwa “shoka” akaandika “toka”, basi mambo yanajieleza. Sauti za s, f, sh na th ni dhaifu, ni pumzi tu inayopita baina ya meno na midomo. Sauti za m, n, b na irabu zote zina nguvu. Mtoto ambaye kusikia kwake kumepungua huanza kuzikosa zile dhaifu, akabaki na nusu ya neno, na nusu nyingine anaikisia. Ndiyo maana anageuka kwa mwenziwe. Anamtazama midomo, au anachungulia aliloandika.

Na hizo siku anazosikia vizuri ndizo zinazomponza. Sikio lenye maradhi ya ndani, likijaa maji au usaha, kusikia kwake hupanda na kushuka. Wiki hii anakujibu ukiwa jikoni, wiki ijayo humpati mpaka umshike bega. Watu wazima wakiona hivyo husema mtoto ana kiburi. Watoto wengi wameonewa kwa jambo hili, wakapigwa, wakatolewa nje, na mimi nimeshalia na wazazi juu ya jambo hili, kwa sababu mtoto mwenyewe hawezi kukwambia. Hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi yake.

Sasa fanya jaribio moja. Chagua wakati ambao ndugu zake wako chuo cha Kurani na redio imezimwa. Mkalishe barazani akupe mgongo, wewe simama hatua tatu nyuma yake. Funika mdomo wako kwa ncha ya kanga, hata akigeuka asikuone midomo. Mwambie arudie kila neno utakalolisema. Nong'ona, usiseme kwa sauti ya kawaida: samaki, fisi, shoka, sufuria, kifuu. Kisha mama, nanga, bamia, mnazi. Pumzika kidogo baina ya neno na neno. Ukimaliza, mgeuze akutazame uso kwa uso bila ya kanga, uyarudie yale yale kwa mnong'ono ule ule. Halafu anza tena upya, safari hii azibe sikio la kulia kwa kidole, kisha la kushoto. Andika, au dada yake akuandikie, maneno aliyopata na aliyokosa, na alisema nini badala yake. Weka tarehe juu ya karatasi.

Hicho si kipimo cha daktari, wala mimi sikwambii kwamba mwanao ni masikio tu na hakuna jingine. Inawezekana anasikia vibaya na wakati huo huo ana ugumu wa kusoma wenyewe. Yapo matatizo mawili yanayokaa katika kichwa kimoja. Inawezekana masikio yakaonekana mazima, na tatizo likawa kwengine. Lakini mtoto asipimwe akili kabla ya kupimwa masikio na macho. Mtaalamu akimuuliza maswali mtoto asiyesikia nusu ya maswali, atamuandikia kwamba hajui, na karatasi hiyo itamfuata mpaka ukubwani.

Kwa hiyo anza na kituo cha afya. Waambie neno kwa neno ulivyoniambia mimi: usaha tangu mdogo, unakauka na kurudi. Usaha unaotoka zaidi ya wiki mbili madaktari wanauhesabu kuwa ni maradhi sugu ya sikio la kati, na unatibika, lakini ukiachwa hutoboa na kuharibu. Omba barua ya kupelekwa hospitali kwa daktari wa masikio, pua na koo, na omba apimwe kusikia, si kutazamwa sikio tu. Hivyo ni vitu viwili. Daktari anaweza kuchungulia akasema sikio safi, na mtoto bado hasikii. Na mafuta ya nazi, tafadhali, yasitiwe tena. Sikio lenye tundu ndani halitaki mafuta, wala maziwa, wala maji ya majani. Linataka kukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kinaingizwa taratibu, kinatolewa kikiwa kimelowa, kinatiwa kingine kikavu, mpaka kitoke kikavu. Halafu ndiyo dawa atakayoandika daktari. Akioga au akienda pwani, maji yasimuingie.

Wakati hayo yanaendelea, usiwasubiri hospitali ndipo uende skuli. Yafanye pamoja.

Mwalimu mkuu wako amekujibu kwa upole, na mimi nataka umjibu kwa upole vile vile. Lakini alilosema si sahihi. Kutokuwa na mtaalamu ndani ya skuli si sababu ya kutompima mtoto. Ni sababu ya yeye kuandika barua na kumuomba. Zanzibar imeanza elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu na wasio nao kusoma pamoja, tangu 2004, na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina kitengo chake kamili, Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha, chenye maofisa Unguja na huku Pemba. Kazi yao ni hii. Na hakuna palipoandikwa kwamba mtoto lazima kwanza awe anajulikana kuwa mlemavu ndipo apimwe. Kama angekuwa anajulikana, tungepima nini?

Ulikwenda ukasema kwa mdomo. Maneno ya mdomo, mwanangu, yanaishia mlangoni. Mwalimu mkuu ana watoto mamia, ana vyoo vilivyoziba, ana wageni kutoka wilayani. Ukishatoka, jambo lako limetoka nawe. Safari hii nenda na barua. Haihitaji Kiswahili cha redioni. Andika hivi, ubadilishe pa kubadilisha:

“Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi fulani wa darasa la tatu. Naomba skuli yako imfanyie mwanangu tathmini ya mahitaji yake ya kujifunza, kwa kushirikiana na Kitengo cha Elimu Mjumuisho. Sababu zangu ni hizi. Akinakili ubaoni hupata, akisomewa imla hukosa, na nimeambatanisha kurasa mbili za daftari lake. Masikio yamekuwa yakimtoka usaha tangu utotoni. Tarehe fulani nilimnong'oneza maneno kadhaa akiwa amenipa mgongo, akapata kadhaa tu. Akinitazama mdomo alipata zaidi. Huu ni mwaka wake wa pili darasa la tatu na kusoma bado. Nampeleka pia hospitali na nitaleta majibu. Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Naomba pia uamuzi wa kumrudisha darasa la tatu kwa mara nyengine usifanywe mpaka tathmini iwe tayari. Wakati tunasubiri, naomba akalishwe safu ya mbele.”

Kila jambo humo umeliona kwa macho yako. Hukusema “mwalimu hafundishi”. Hukusema “mwanangu anaonewa”. Hata kama yote mawili unayaamini, yaache nje ya barua hii, kwa sababu ukiyatia watajibu hayo na lako litapotea. Nimeona barua za wazazi zenye kurasa nne za lawama na mstari mmoja wa ombi, na jibu likaja juu ya lawama tu.

Iandike nakala mbili, au ipigwe picha dukani. Moja wape, ya pili waigonge muhuri au waandike “imepokelewa”, tarehe na saini, ubaki nayo wewe. Karani akisita kusaini, mwambie: “Mwalimu, ni kumbukumbu yangu tu, nisije nikasahau nimeleta lini.” Hakuna atakayekukatalia hilo. Ukiwa na saini mkononi, tarehe uliyoiweka inaanza kuwa na maana. Wape wiki tatu. Zikipita kimya, rudi na ile nakala, muombe mwalimu mkuu muipeleke pamoja kwa Afisa Elimu wa Wilaya. Akisema nenda wewe, nenda. Na huko usipojibiwa, ipo ofisi ya Afisa Mdhamini wa Wizara huku Pemba, umuulizie mratibu wa elimu mjumuisho. Siku za bamvua najua huwezi kuuacha mwani, basi panga safari zako siku za maji mafu. Ofisi zinafunguliwa asubuhi. Ukifika mapema utawakuta kabla hawajatoka kwenda kwenye maskuli.

Usiende peke yako kama unaweza. Mchukue kaka yako, au ami yake mtoto, au mama mwenzio. Kazi ya huyo wa pili ni kusikiliza na kukumbuka, kwa sababu ukiwa mbele ya meza, na moyo unakwenda mbio, nusu ya unayoambiwa utayasahau. Ukitoka tu, kabla hamjapanda gari, andikeni nani kasema nini.

Kuhusu kuonewa. Hofu yako ni ya kweli na siidharau. Lakini fikiria, mtoto anayeitwa mzito na mtundu mbele ya wenzake kila siku, tayari anaonewa, na sababu yake haijulikani. Mwalimu akishapewa sababu, walimu walio wengi hubadilika. Mwalimu wa darasa hakukusudia ubaya. Ana darasa limejaa pomoni, na mtoto asiyejibu anamchosha. Mtafute peke yake wakati wa mapumziko, mwambie lile la imla, mfungulie daftari. Akishaliona mwenyewe, atakuwa shahidi wako, na tathmini yoyote nzuri huanza na maneno ya mwalimu wa darasa.

Wakimpima, uwepo. Watazame vitu vingi: kusikia, kuona, namna anavyosema, anavyosoma herufi, silabi na neno, hesabu, anavyocheza na wenzake, na wewe watakuuliza habari ya mimba, uzazi, homa kubwa, degedege. Jibu kwa ukweli. Kama ulizaa kwa shida, sema. Ukimaliza, omba waliyoyaona yaandikwe na upewe nakala, na uulize swali moja ambalo wazazi wengi hulisahau: “Sasa Jumatatu mwalimu atafanya nini ambacho leo hafanyi?” Wakikwambia jina la tatizo wakanyamaza, kazi haijaisha. Mtoto anatakiwa awekewe mpango wake: akae wapi, mwalimu aseme naye vipi, asome nini kwanza, nani atamsaidia na lini utazamwe tena. Kwa mtoto asiyesikia vyema, mwalimu kutompa mgongo anaposema, na kuandika ubaoni maneno ya imla baada ya kuyasoma ili ajisahihishe, ni mambo yasiyotaka bajeti.

Sasa mavyaa. Huyu ni mzee wako, na amemlea mjukuu wake, amekesha naye akilia na sikio. Usimwambie kwamba mafuta ndiyo yaliyoharibu, kwanza hujui kama ndiyo. Mwambie: “Mama, tunakwenda kumtibu sikio.” Hilo hatolikataa, na si uongo. Jaribio la mnong'ono lifanye mbele yake. Mwache aone mwenyewe mjukuu wake akikosa neno akiwa amempa mgongo, kisha akilipata anapogeuka. Na kuhusu jina: kupimwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mlemavu. Majibu ni ya mzazi na skuli. Lakini nitasema na jengine, kwa sababu sitaki nikufariji kwa nusu. Ikiwa itaonekana kusikia kwake kumepungua moja kwa moja, basi ndivyo alivyo, na si aibu yake wala yako, wala dada zake hawatakosa waume kwa hilo. Aibu aliyonayo sasa, ya kufika miaka 9 hajui kusoma jina la kijiji chake na kila mtu anadhani ni uvivu, ndiyo nzito.

Sheria iko upande wako, na uijue japo usiitaje siku ya kwanza. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inatambua haki ya mtoto kupata elimu, na ya mtoto mwenye ulemavu kupata matunzo na elimu inayomfaa. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 24 kinasema habari ya elimu mjumuisho. Ukikwama kabisa, jumuiya za watu wenye ulemavu zina watu wao huku Pemba: Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, na Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili. Humo utakutana na mama ambao barua kama hizi wameshaziandika, na watakwambia ni afisa gani anayesikiliza.

Niandikie wakishakujibu, au wasipokujibu.

*Bi Mwalimu, shikamoo.*

*Binti yangu ana miaka 8. Mwaka jana walikuja watu skuli, wakamuita chumbani, wakakaa naye kwa muda mfupi, mimi nikiwa nje. Baadaye nikaambiwa ana ulemavu wa akili, akahamishiwa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Karatasi sikupewa. Mtoto huyu nyumbani anauza dukani, anajua chenji, anamsimulia mama yake habari ndefu. Lakini mbele ya mgeni hasemi neno, hata shangazi yake akija kutoka mjini huinama tu mpaka aondoke. Naweza kuomba apimwe tena, au nitaonekana nakataa ukweli?*

*Baba wa Kusini Unguja*

Marahaba, baba. Omba. Wala huko si kukataa ukweli.

Ulemavu wa akili hautambulikani kwa maswali ya chumbani peke yake. Kanuni yake inataka vitu viwili viende pamoja: uwezo wa kufikiri na kujifunza uwe chini, na maisha ya kila siku nayo yaonyeshe hivyo, kama kujihudumia, kutumia pesa, kuzungumza na watu wake. Mtoto anayerudisha chenji sawa sawa dukani ametoa ushahidi ambao hao waliokaa naye hawakuupata, kwa sababu hawakukuuliza. Na wapo watoto, madaktari wa watoto wanawajua vizuri, wanaosema sana nyumbani na kufunga mdomo kabisa mbele ya wageni. Si kiburi wala si upungufu wa akili. Ni woga uliomshika mtoto ulimi, na una njia zake za kutibiwa, taratibu. Siwezi kukwambia kutoka hapa kwamba binti yako ni miongoni mwao. Nakwambia kwamba aliyempima bila ya kusikia sauti yake hakumpima.

Fanya haya. Mrekodi kwa simu akiwa dukani na mteja wanayejuana, na akimsimulia mama yake habari, bila ya yeye kujua kama anarekodiwa. Dakika chache zinatosha. Andika barua ya kuomba nakala ya ripoti ya mwaka jana: nani alimpima, kwa kutumia nini, na alijibu kwa kusema au kwa kuonyesha kidole. Ikiwa ripoti haipo, hilo nalo liandikwe. Kisha omba apimwe upya na mtu atakayekuja kwanza kucheza naye mara kadhaa mpaka amzoee, mama yake akiwemo chumbani, na video zako zitazamwe kabla ya yote. Masikio nayo yapimwe, hata kwake.

Mpaka hapo usimtoe skuli kwa hasira. Najua linakuchoma. Lakini akikaa nyumbani miezi sita, woga wake wa watu utazidi, na watakaompima watakuwa na sababu zaidi ya kusema hawezi. Muombe mwalimu wa darasa alilopo akuonyeshe anamfundisha nini, na umpelekee mwalimu huyo daftari la hesabu za dukani. Na iwe darasa hili au lile, mtoto huyu asilazimishwe kusema mbele ya wenzake. Aonyeshe kwa mkono, aandike, amnong'oneze rafiki. Anayemwambia “sema, au hutoki” anamrudisha nyuma.

*Bi Mwalimu, mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Mkoani. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70. Mzazi ameniletea barua ya kuomba mtoto wake afanyiwe tathmini. Mwenzangu ofisini ameniambia niiweke tu, atachoka. Niiweke?*

Usiiweke, mwanangu. Mpelekee mwalimu mkuu kwa mkono wako leo hii, na nyuma yake ambatanisha karatasi yako mwenyewe yenye mambo matatu: mtoto huyu anaweza nini peke yake, anaweza nini akisaidiwa, na umeshajaribu nini. Usiandike “mzito”. Andika “anasoma silabi za herufi mbili, zenye tatu hapati”. Hilo mtaalamu atalifanyia kazi, na lile la kwanza halimsaidii yeyote. Picha ya barua na ya karatasi yako ibaki kwenye simu yako. Kama hujapata mafunzo ya elimu mjumuisho, kiulizie kituo cha walimu cha wilaya yenu, ujiandikishe.

Na mtoto mwenyewe mkalishe mbele kesho asubuhi. Kwa hilo huhitaji ruhusa ya mtu.